Somo: Kusoma na kutafsiri alama za Morse kwa maneno ya Kiswahili

Wengi wanaoanza kujifunza alama za Morse, yaani herufi zinazotumwa kwa milio mifupi (nukta) na mirefu (vistari), hukariri jedwali zima, kisha hushangaa ujumbe wa kwanza unapowashinda. Jedwali si gumu. Kinachowapotosha ni kimya kilichopo kati ya alama, na kwa sababu hiyo tunaanza na kimya.

Hatua ya kwanza: vipimo. Kila kitu hupimwa kwa urefu wa nukta moja. Kistari hudumu nukta tatu. Kimya baina ya alama za herufi moja ni nukta moja, baina ya herufi na herufi ni nukta tatu, na baina ya neno na neno ni nukta saba. Kasi hupimwa kwa neno PARIS, ambalo pamoja na kimya kinacholifuata lina urefu wa nukta 50 kamili. Anayetuma maneno 20 kwa dakika, basi, nukta yake hudumu sekunde 0.06 tu.

Hatua ya pili: herufi za kuanzia. Mfumo huu uliasisiwa Marekani, na E ikapewa nukta moja kwa kuwa Kiingereza huitumia mno. Sisi tunategemea zaidi A, kwa hiyo anza na irabu, kisha uongeze konsonanti chache:

A ·–   E ·   I ··   O –––   U ··–
K –·–   M ––   N –·   T –   W ·––

Hatua ya tatu: kutenganisha kabla ya kutafsiri. Katika maandishi, nafasi hutenganisha herufi na mkwaju (/) hutenganisha maneno. Usitafsiri chochote kabla ya kuona mipaka hiyo.

·–– ·– – ··– / ·–– ·– – ·– –· –––

Kundi la kwanza ni W, la pili A, la tatu T, la nne U. Ukiendelea hivyo utapata WATU WATANO.

Hatua ya nne: kukagua. Hapa Kiswahili kinatusaidia kuliko nilivyotarajia nilipoanza. Mtumaji akibana kimya kati ya T na U, utasikia –··–, ambayo ni X, na neno litakuwa WAX. Kiswahili hakitumii X wala Q, kwa hiyo herufi hizo zikijitokeza katika neno la kawaida, zichukue kuwa ni silabi zilizogandana: X huenda ni TU au NA (–· ·–), na Q mara nyingi ni MA (–– ·–). Vivyo hivyo C isiyofuatwa na H, kwa kuwa –·–· inaweza kuwa KE (–·– ·).

Maswali ya wanaojifunza

*Je, SOS ni kifupisho cha maneno gani?*
Si kifupisho. Ishara hii ya kuomba msaada wakati wa hatari ilichaguliwa mwaka 1906 katika mkutano wa Berlin kwa kuwa haichanganyiki kirahisi na ishara nyingine, na hutumwa kama alama moja ndefu isiyo na mapengo ya herufi: ···–––···

*Ng' ya "ng'ombe" inaandikwaje?*
Andika N, G, kisha alama ya ritifaa ('), yaani ·––––·, halafu uendelee na O. Ukiiacha ritifaa msomaji makini ataelewa, ila mimi siiachi.

*Nijifunze kwa macho au kwa masikio?*
Kwa masikio, ukitamka "di" kwa nukta na "daa" kwa kistari. Aliyezoea kuhesabu nukta kwa macho hukwama mara kasi inapopanda. Sikiliza kila herufi kwa kasi yake halisi tangu siku ya kwanza, na ukizidiwa, refusha kimya kati ya herufi badala ya kuivuta herufi yenyewe.

*Nimenakili ujumbe nikapata "XMEFIKA SALAQ". Nimekosea wapi?*
Huenda hukukosea, mtumaji alibana mapengo. Q ni MA, hivyo neno la pili ni SALAMA. X ingeweza kuwa NA au TU, lakini "namefika" si neno sanifu, kwa hiyo soma TUMEFIKA SALAMA.