Dogo katoka soba, sasa nyie wa nyumbani mnafanyaje

Dogo wetu hapa Mwanza ametoka soba hausi (nyumba wanakokaa watu wanaoacha dawa za kulevya) mara 2. Mara ya kwanza tulimpokea kama bwana harusi, kuku wakachinjwa, ndugu wakatoka Magu na Sengerema, mjomba akamkabidhi laki 3 mbele za watu eti akaanze biashara ya viatu pale Mlango Mmoja, siku ya 9 hatukumuona yeye wala hela wala simu ya mama. Tulimsema sana kipindi kile ila nikikaa nikafikiria naona makosa mengi yalikuwa yetu, kwaiyo haya ninayoandika ni ya mtu aliyeharibu kwanza ndo akajifunza.

Kazi inaanza kabla hajatoka. Nenda kule soba ukae na mshauri wake, uliza ni kitu gani hasa kinamtia hamu, ni watu gani, ni saa ngapi, na kama ana dozi nyingine anameza ya TB au ya HIV ujue ataendelea kuichukulia wapi. Alafu amueni atalala wapi. Kama maskani yake ya zamani ilikuwa Igogo na shangazi anakaa Buhongwa, basi akae Buhongwa kwanza hata kama mama atalia. Laini ya simu abadilishe, maana wale jamaa wanapiga siku ile ile anatoka.

Kuna hili wazo la "mpelekeni visiwani akatulie", jamani huku kwetu linapendwa sana. Sisi wenyewe tulitaka kumtupa Ukerewe kwenye kambi ya dagaa. Ila hebu fikiria kambi ilivyo: dagaa wanavuliwa usiku wa giza kwa taa, mwezi ukiwa mkubwa kazi inalala, vijana wanashinda nchi kavu siku kadhaa, hela ipo mfukoni, gongo ipo, bangi ipo, mama wa kumuuliza umekula hayupo. Kwa mtu aliyetoka soba juzi hapo umemrudisha kule kule alikotoka, tofauti ni kwamba kuna maji katikati. Uvuvi sio mbaya, ila usiwe miezi ya mwanzo na asiende peke yake.

Hela ndo ilituangusha sisi. Noti mkononi kwa mtu aliyekuwa anakula unga (heroini) inaongea, yani anaiona kama kete (kipakti cha unga) sio kama hela, na hata mwenyewe atakuambia. Kwaiyo mpe vitu, usimpe cash. Anahitaji viatu? Nendeni wote mkanunue. Anasafiri? Mpe nauli ya daladala kamili ya kwenda na kurudi. Akianza kibarua mkubaliane (yeye akiwa amekaa hapo hapo, sio mnamkalia kikao nyuma ya mgongo) nani anamtunzia, na siku ya malipo mtu amfuate kazini warudi wote. Mtaji usubiri. Kama anataka fundi, VETA ipo Nyakato, na kulipa ada ya uchomeleaji ni afadhali mara 10 kuliko ile laki 3 ya mjomba.

Kitu kingine ni masaa. Arosto ya mwili (yale mateso ya kukosa dawa) kwa mtu wa unga inapungua ndani ya wiki moja hivi, ila usingizi na hasira vinaweza kusumbua miezi, mtu anakaa macho mpaka saa 9 usiku alafu asubuhi mnamwita mvivu. Soba alikuwa na ratiba kuanzia kuamka mpaka kulala, akija nyumbani anakuta siku nzima tupu. Mpangieni: maji, jiko, mitingi na wenzake waliopona, mpira jioni. Wenyewe wanafundishana kujichunguza vitu vinne, njaa, hasira, upweke na uchovu, na mimi nimeona kweli, dogo akinuna mara nyingi hajala. Saa 11 jioni kwa dogo ndo ilikuwa mbaya, so muda huo kaka alikuwa anatembea nae tu mpaka Kamanga kuangalia feri inavyoingia, hawaongei hata.

Kama yupo kwenye methadone (dawa ya kunywa ya kutibu uraibu wa heroini), Mwanza wanatoa hospitali ya Sekou Toure, ni kila siku, mnywaji anainywa pale pale mbele ya mhudumu. Kuna ndugu watasema huyo bado anatumia dawa, amehamia tu nyingine. Wapuuzeni. Hiyo ni tiba, Tanzania ilianza Muhimbili mwaka 2011, na kumshinikiza aache haraka ili mpate sifa kanisani ni kumrudisha kwenye unga. Ila asichanganye na pombe wala valium, pumzi inaweza kukata. Na ile bia moja ya kumpongeza, hapana, hata kama shida yake haikuwa pombe.

Sasa hili lisome mara 2. Akishakaa miezi bila kutumia mwili unasahau, akirudia kipimo chake cha zamani kinaweza kumuua. Ukimkuta hashtuki ukimwita, anakoroma vibaya au anapumua kwa mbali, midomo imebadilika rangi, usimnyweshe maziwa wala kummwagia maji, mlaze kwa ubavu, tafuta usafiri hapo hapo, na hospitali sema ukweli ametumia nini ili wajue dawa ya kumpa. Aibu utaisikia kesho.

Akidondoka sio mwisho, kinachotakiwa ni arudi kwa mshauri wiki hiyo hiyo kabla hajazoea tena. Msipojua pa kuanzia mamlaka ya dawa za kulevya wana namba ya bure 119. Vitu vya thamani ndani viwekeni mbali kimya kimya, msimnuse akiingia, na neno teja life kabisa humo ndani hata kwa utani.

Mara ya pili hatukualika mtu. Mama alipika ugali na sato, tukala wanne, saa 3 tukalala. Ana mwaka na miezi 4 sasa, anachomelea mageti Buzuruga, na hela yake bado anampa mama amtunzie, mwenyewe ndo aliomba iwe hivo.