Kupiga Mswaki Vizuri: Anzia Ukingoni mwa Fizi

Wagonjwa wengi wa meno ninaowahudumia hapa Mbeya hupiga mswaki kila siku, tena kwa nguvu, lakini fizi zao bado hutoka damu. Sababu ni kwamba mswaki hung'arisha sehemu ya jino inayoonekana mtu anapocheka, huku ukoga, yaani utando laini wa bakteria unaoganda kwenye meno, ukibaki pale jino linapokutana na fizi.

Kwanza, tafuta mswaki wa nywele laini wenye kichwa kidogo kinachofika kwenye magego ya mwisho, pamoja na dawa ya meno yenye floraidi, madini yanayokinga meno yasioze. Kiasi cha punje ya njegere kinamtosha mtu mzima.

Pili, laza nywele za mswaki kwa pembe ya nyuzi 45, ili nusu yake iguse jino na nusu iguse ukingo wa fizi. Tikisa polepole kwa mwendo mfupi mahali hapo hapo, takriban mara 10, kisha sogea kwenye meno mawili au matatu yanayofuata. Ukiona nywele zimepinda na kutawanyika, unakandamiza mno. Anayesugua meno kama sufuria iliyoungua huifanya fizi irudi nyuma na kuacha mzizi wazi, na ndipo maji ya baridi ya Juni na Julai yanapoanza kumchoma.

Tatu, maliza upande wa nje, kisha wa ndani, kisha sehemu ya kutafunia. Nyuma ya meno ya mbele ya chini, simamisha mswaki wima na utumie ncha yake. Naomba usiparuke hapo, kwa sababu mate hutoka chini ya ulimi karibu na meno hayo, na madini yake huugeuza ukoga kuwa ugaga mgumu ambao mswaki hauwezi kuutoa tena. Kazi yote ichukue dakika 2. Kama baridi ya asubuhi inakufanya uharakishe, tumia maji ya vuguvugu.

Nne, tema povu lakini usisukutue kwa maji, ili floraidi ibaki kwenye meno.

Rudia usiku, baada ya chai ya mwisho, kwa kuwa mate yanayolinda meno hupungua mtu anapolala. Fizi zikitoka damu siku za mwanzo, usiache kupiga mswaki. Zikiendelea kutoka damu baada ya wiki 2, nenda kliniki ya meno ukachunguzwe na kuondolewa ugaga.