Jaribu draiva kabla ya kuunga dayodi ya leza
Wadau mnaotengeneza leza za mkononi nyumbani, ukishamaliza kupiga solda bodi ya draiva (ile inayodhibiti umeme unaoingia kwenye leza) usikimbilie kuunga dayodi ya leza, mi nilishaunguza moja hivyo hivyo, iliwaka sekunde moja ikabaki kama taa ya kiberiti. Anza na mzigo feki, yaani kitu cha kukaa badala ya leza: panga dayodi za kawaida 1N4007 nne kwa mstari kama leza yako ni nyekundu, sita kama ni ya bluu, halafu malizia na rizista ya ohm 1, weka mita kwenye milivolti na pima hapo kwenye rizista, kila milivolti 1 ni miliampea 1. Kama draiva yako umetumia LM317 (chipu ya kudhibiti umeme) na rizista mbili za ohm 10 sambamba unatakiwa kusoma kama 250 hivi.

Sasa hapa ndo wengi wanaliwa: ukizima betri kapasita ya draiva inabaki na chaji, kwahiyo gusanisha nyaya za draiva zinazoenda kwenye leza kwanza ndo uunge leza, na usiichomoe ikiwa inawaka. Miwani iwe ya kuzuia mwanga wa rangi ya leza yako, ya jua haisaidii kitu.