Jinsi ya Kusoma Sukari ya Maji ya Uti wa Mgongo

Ubongo, ambao ni takriban asilimia 2 tu ya uzani wa mtu mzima, hutumia karibu asilimia 20 ya nishati ya mwili uliopumzika, na nishati hiyo huipata hasa katika glukosi (sukari) inayovushwa kutoka kwenye damu na protini iitwayo GLUT1. Katika homa ya uti wa mgongo inayoletwa na bakteria, uvushaji huo huzorota, huku chembe nyeupe za damu na tishu zilizovimba zikiitumia sukari kwa kasi, hivyo sukari hushuka katika maji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo.

Kabla ya kuchoma sindano ya mgongo ili kutoa maji hayo, pima kwanza sukari ya damu na uandike saa, kwa kuwa hofu na maumivu huweza kuipandisha. Kisha gawanya kiwango cha sukari ya maji kwa kile cha damu. Jibu la kawaida huwa karibu na 0.6, likishuka chini ya 0.4, shuku bakteria, kifua kikuu au kuvu ya kriptokoko. Virusi kwa kawaida huiacha sukari kama ilivyo, ingawa si kila mara. Mgonjwa wa kisukari mwenye 15 mmol/L katika damu na 4.5 katika maji ataonekana salama kwa anayetazama namba moja, ilhali uwiano wake ni 0.3 tu. Aliyetoka kupewa dekstrosi (sukari ya kutiwa mshipani) naye hupotosha hesabu, maana maji huchelewa kuifuata damu kwa saa kadhaa.

Chembe nyeupe huendelea kula sukari hata ndani ya chupa. Sampuli inayotoka Likoni na kusubiri feri katika joto la Machi inaweza kufika kisiwani Mombasa na sukari pungufu. Kwa hiyo tumia chupa yenye floraidi, kemikali inayozuia chembe kula sukari, kwa kipimo hiki, na ile ya kuotesha vimelea usiitie kwenye friji. Laktati (mabaki ya sukari iliyotumika bila oksijeni) inayozidi 3.5 mmol/L katika maji hayo, ikipimwa kabla ya dawa, huunga mkono bakteria. Hata hivyo, antibiotiki zisicheleweshwe kwa kusubiri maabara, wala sindano isichomwe kwa mgonjwa mwenye dalili za shinikizo kubwa ndani ya fuvu.

Mtoto mwenye degedege au aliyepoteza fahamu kwa malaria ya ubongo apimwe sukari ya damu papo hapo. Ikiwa chini ya 3 mmol/L kwa aliye chini ya miaka mitano, au 2.2 kwa mkubwa zaidi, mwongozo wa kawaida ni dekstrosi ya asilimia 10, mililita 5 kwa kila kilo, kupitia mshipa na polepole, kisha apimwe tena baada ya dakika 15 hadi 30. Anayetibiwa malaria kwa kwinini aangaliwe zaidi, kwani dawa hiyo huchochea insulini, homoni inayoshusha sukari.