Mzee akianza kukusifia Katanga ya Tshombe: namna ya kumuuliza

Mu Lubumbashi ni nadra matanga iishe bila mzee mmoja kusema "siye tulikuwaka na inchi yetu". Bendera yetu, falanga yetu, kazi ya hakika. Vijana bengine banameza yote juu ni tamu, bengine banacheka na kurudia ku simu zao. Kama unataka kujua kitu cha kweli fanya tofauti.

Mbele ya kwenda, weka miaka mu kichwa. Moïse Tshombe, mukubwa wa jimbo ya Katanga, alitangaza Katanga ni inchi ya peke yake tarehe 11/7/1960, siku 11 tu kisha uhuru wa Kongo, na mambo ikaisha mwezi wa kwanza 1963. Miaka mbili na nusu, njo ile yote. Hakuna inchi hata moja iliitambua, hata Ubelgiji yenye ilituma maofisa wake. Lakini usimutupie mzee hizi tarehe ku uso, utamufunga kinywa, ni zako za kupimia.

Kiisha muulize ya nyumbani, siasa uiache. Baba, ile mwaka mulikuwa munalala kampi gani? Papa yako alikuwa anatumika wapi? Munakula nini? Mara mingi utasikia Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba: posho ya bunga, nyumba ya kampi, hospitali, masomo ya batoto. Sasa muulize polepole, ile posho ilianza lini na ilikata lini? Juu Union Minière iko tangu 1906, na kisha kutaifishwa mwanzo wa 1967 kampuni ya serikali iliyokuja kuitwa Gécamines iliendelea kugawa bunga miaka na miaka, mpaka kuanguka kwa miaka ya 90. Basi utamu wenye anasema ulikuwako mbele ya Tshombe na ukabakia kisha yeye. Miye naona mzee hanalilia serikali ya 1961, analilia mushahara wenye ulikata, lakini mushahara hauna sura ya mutu na Tshombe ana sanamu kabisa pale katikati ya mji.

Akiwa na sarafu ya zamani omba uione. Ni ya 1961, upande mumoja ndizi, upande mwengine ule musalaba wa shaba wenye uko pia ku bendera. Muache aishike, muulize ilikuwa inanunua nini ku soko, mukate? samaki? Hapo mzee anaacha kuhubiri, anaanza kukumbuka, na njo hapo unapata vitu.

Halafu tafuta mwenye hayuko mu hadithi. Hii njo kazi ngumu. Baluba wa kaskazini, bantu wa Balubakat, chama ya Jason Sendwe, balipigana na majandarme, njo basoda ba Tshombe, na vijiji vikachomwa, na mu 1961 makumi ya maelfu balikimbilia mu kampi ya ONU (Umoja wa Mataifa) hapa hapa mjini. Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, na benzake Mpolo na Okito baliuawa 17/1/1961 si mbali na hapa, baministre ba Katanga bakiwa pale. Usiulize sawa polisi. Sema tu: baba, majirani bale bengine balienda wapi? Kiisha nyamaza. Na lazima uende pia kwa familia moja yenye iliishi mu ile kampi, bila ile uko na nusu. Uliza na 1992-93, wakati ule musemo "Katanga ya Bakatanga" ulirudi na Bakasai, bantu wenye asili ya Kasai, bakapakiwa mu treni kupelekwa "kwabo", kumbe bengi balizaliwa hapa.

Majandarme benyewe ni habari ingine: bengi balikimbilia Angola, na mu 1977 na 1978 bakarudi na vita mu Shaba, njo jina ya Katanga wakati ule. Ukikuta mutoto wa mumoja wabo kaa sana.

Ukirekodi na simu omba ruhusa, na picha ya mzee pamoja na bendera usiitume popote. Bakata Katanga, kikundi cha silaha chenye kinataka Katanga ijitenge, baliingia mjini na ile bendera 23/3/2013 na bantu bakafa. Sauti tu inatosha.