Ukitaka kutuma msumeno wa umeme Mafinga, soma kwanza kibao cha mota

Ndugu zangu mlioko Marekani, kabla hujapakia mashine ya karakana kwenye kontena, pangusa vumbi kwenye kibao cha mota, usome. Usiishie kwenye volti. Soma na Hz, yaani mara ngapi umeme unapigapiga kwenda na kurudi kwa sekunde. Mimi nilisoma volti nikaridhika, na mdogo wangu pale Mafinga ndiye aliyeumia.

Sote tunajua soketi za huku ni volti 120 na za kwetu ni 230. Hapo hanaswi mtu siku hizi. Panaponasa ni hapa: nyumba za Marekani zina pia laini ya volti 240, ya majiko, mashine za kukaushia nguo na mashine kubwa za karakana. Nilipata msumeno wa meza wa hosipawa 3, haujachoka, kibaoni 240V. Nikasema huu ni wa kwetu kabisa, hata transfoma hauhitaji. Muuzaji, mzee mwema aliyenisaidia hata kuupakia, akanihakikishia hivyohivyo, wala hakunidanganya. Watu wa huku ni wakarimu, ila wengi wamezaliwa na kuzeekea kwenye umeme wa aina moja, na hakuna kilichowahi kuwalazimisha kuujua mwingine. Ushauri wao wa umeme usiuvushe bahari.

Kibao kilisema 240V, 60Hz. TANESCO inatoa 230V, 50Hz. Mwendo wa mota ya namna hii, isiyo na kaboni, unafuata Hz, kwa hiyo iliyoandikwa mizunguko 3,450 kwa dakika inashuka hadi karibu 2,850. Kupungua mwendo ningekuvumilia. Kinachoua ni joto. Gawanya volti kwa Hz: huku 240 kwa 60 unapata 4, nyumbani 230 kwa 50 unapata 4.6. Chuma cha mota kinabebeshwa sumaku asilimia 15 zaidi ya kipimo chake, koili zinavuta ampea nyingi, na feni ya kuipoza nayo imepungua kasi. Bila mzigo inanguruma vizuri kabisa. Ukiisukumia mbao mbichi za paini, inaanza kujipika. Na baridi ya Mafinga isikudanganye, maana joto hilo linazaliwa ndani.

Transfoma haikuokoi. Stebilaiza haikuokoi. Vyote viwili vinashughulika na volti, Hz haviigusi. Narudia kwa sababu baada ya balaa langu bado nimeambiwa na watu watatu, "ungenunua tu stebilaiza."

Bandari, ushuru na lori la kupanda Kitonga mnavijua. Wiki ya kwanza dogo alinitumia video akipasua mbili kwa nne, amefurahi. Wiki ya pili mashine ikawa inazima yenyewe. Anabonyeza kitufe chekundu ubavuni mwa mota, anaendelea. Alifanya hivyo siku tatu bila kuniambia, asije akanivunja moyo. Wadogo zetu, heshima hiyo inatugharimu. Kitufe kile ni kinga ya joto. Kikiruka, acha kazi, piga simu. Usikibonyeze mara ya pili kabla sababu haijajulikana. Baadaye kapasita, kile kifaa kinachohifadhi chaji na kuisaidia mota kuanza kuzunguka, ikavimba, ikawekwa mpya, nayo ikafa, mwisho koili zikaungua. Fundi akalaumiwa mtaa mzima kwa kosa nililofanya mimi maili elfu kadhaa mbali.

Kwa hiyo ukipigiwa "imegoma", usitume hela ya kipuri siku hiyo. Omba picha ya kibao. Uliza: inazima papo hapo au baada ya dakika kadhaa? Breka ikiruka mara tu unapowasha, tafuta shoti. Ikiruka baada ya muda, ni mzigo au joto. Inanguruma bila kuzunguka? Huenda ni kapasita, au volti zinaanguka kwenye waya mwembamba wa ekstensheni. Mwambie fundi apime volti wakati mota inawaka, siyo ikiwa imelala. Na kapasita isiguswe kwa mkono hata baada ya kuchomoa plagi, hubaki na chaji.

Chaja zilizoandikwa 100–240V, 50/60Hz, tuma bila wasiwasi. Drili na grainda zenye kaboni, vile vipande vyeusi vinavyosugua sehemu ya mota inayozunguka, hazijali sana Hz. Za volti 120 zitahitaji transfoma yenye wati mara mbili ya zake. Ila pini ya ethi msiikate kwa plaizi ili iingie kwenye soketi. Nimeyaona hayo nyumbani kwetu, na mtu alirushwa.

Msumeno wenyewe ulipona. Tulinunua Kariakoo mota ya hosipawa 3, 230V, 50Hz, tukaifunga puli yenye kipenyo kikubwa kwa moja ya tano kuliko ya zamani, kisahani kikarudi kwenye mwendo wake. Iliwezekana kwa sababu unatumia mkanda. Ule ambao kisahani kimefungwa moja kwa moja kwenye mota usiutume. Sasa kila mwezi fundi anabana mita ya ampea kwenye waya wakati mbao inapita, ananitumia picha, nalinganisha na kibao.