Kabla tingatinga la kaunti halijafika kwenye kijito chenu

Sisi wa bonde la Sabaki maji hutujia bila wingu. Mvua hunyesha huko bara, Athi na Tsavo ikajaa, ikakutana ikawa Galana, mto ule ule tunaouita Sabaki huku chini, na huku Malindi tumeanika mahindi juani. Mto ukijaa, kijito chetu hukosa pa kumwaga. Maji hurudi nyuma yakaingia kwenye bamia.

Niliandikia kaunti barua mbili za "tunaumia, tusaidieni". Ofisini hazikuonekana tena. Ya tatu ilisomwa, kwa sababu ilikuwa na vipimo. Basi ukitaka kaunti ije izibue kijito chenu, fanya hivi.

Maji yakishuka, siku hiyo hiyo weka alama. Kwenye mwembe wangu tope liliacha mstari wa rangi ya chai ya maziwa. Niliupaka rangi nyekundu juu yake, nikasimama kando nikapigwa picha: ulinifika kwapani. Usingoje, manyunyu tu huuosha mstari ule. Andika tarehe, hesabu matuta ya mazao yaliyooza.

Kisha kifuateni kijito kwa miguu, wewe na majirani, mpaka mtoni. Sisi tulidhani shida iko shambani kwetu, kumbe ni kalvati chini ya barabara, imezibwa na mchanga na migomba iliyong'olewa. Barua itaje mahali hapo hapo.

Ukurasa mmoja unatosha, na sahihi za wote. Nakala moja kwa chifu, moja kwa msimamizi wa wadi, moja kwa mwakilishi wa wadi. Yako igongwe muhuri wa kupokelewa, uitunze kama hati ya shamba. Kaunti hutakiwa kufikisha mpango wake wa maendeleo wa mwaka kwenye bunge la kaunti ifikapo Septemba 1, kwa hiyo peleka mapema, Juni hivi, na mkutano wa maoni ukiitishwa nendeni wengi, kina mama hasa, maana ndio tunaolima huku bondeni.

Tuta la kuzuia maji usilijenge peke yako. Uliza kwanza Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Tuta lako laweza kumzamisha wa ng'ambo, naye ana watoto.

Tingatinga likija, mmoja wenu ashinde pale. Udongo unaochimbuliwa ukiachwa ukingoni, mvua ya kwanza huurudisha kijitoni. Sisi tulimwonyesha dereva pa kuumwaga: hatua ishirini kutoka ukingoni, nyuma ya mnazi mkavu.